Kisiki kinachipua, lakini je, msitu unarudi? Jibu kwa katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji

Swali limetoka kwa katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji kimoja wilayani Sikonge, mkoa wa Tabora. Anaeleza kwamba kijiji chao kimetenga msitu wa miombo kuwa hifadhi ya kijiji, na kwamba ndani yake kuna sehemu tatu zinazowatia mashaka. Ya kwanza ilivunwa kwa mkaa miaka sita iliyopita, ya pili ililimwa tumbaku kwa misimu michache kisha ikaachwa, na ya tatu haijakatwa lakini huungua karibu kila mwaka kati ya Septemba na Oktoba. Wazee wanasema miombo haifi, kwa kuwa kila kisiki huchipua. Ofisa wa misitu aliyewatembelea anasema msitu umeharibika. Katibu anauliza ni nani aliye sahihi, ni shughuli gani ya binadamu inayouumiza msitu wa namna hii kuliko nyingine, na kama ni busara kupanda mikaratusi katika sehemu zilizobaki wazi.

Ndugu Katibu,

Wazee wenu wako sahihi kuhusu mti, na ofisa yuko sahihi kuhusu msitu. Mti mmoja mmoja wa miombo ni mgumu sana kuuawa kwa shoka. Kinachoweza kuuawa ni uwezo wa msitu mzima kujirudishia miti mikubwa, na uwezo huo haupotei siku ya kukata. Hupotea katika miaka inayofuata, kutokana na moto unaopita wakati usiofaa, jembe linalong'oa mizizi, na watu kurudi kukata tena kabla machipukizi hayajakomaa. Ndiyo maana sehemu zenu tatu haziwezi kupewa jibu moja, na niseme mapema kwamba inayonitia wasiwasi kuliko zote ni ile ya tatu, ambayo haijaguswa na shoka.

Miombo ni misitu inayopukutisha majani wakati wa kiangazi. Imetanda kuanzia magharibi na kusini mwa Tanzania, kupitia Zambia, Malawi, Msumbiji na kusini mwa Kongo, hadi Angola na Zimbabwe. Tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu ilikadiria kwamba Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, yaani zaidi ya nusu ya ardhi yote, na sehemu kubwa kabisa ya hizo ni misitu ya wazi ya aina ya miombo na jamaa zake, wala si misitu minene ya milimani ambayo ndiyo husikika zaidi. Miti inayoitawala ni ya jamii ya mikunde: mtundu na ndugu zake wa jenasi ya Brachystegia, pamoja na Julbernardia, ambayo kwenu Unyamwezini huitwa muba. Udongo wake ni wa kale, wa kichanga, wenye tindikali na rutuba haba. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kisha miezi mitano hadi saba hupita bila mvua ya maana.

Mambo mawili katika maisha ya miti hii yanaeleza karibu kila kitu unachokiona katika hifadhi yenu.

La kwanza ni ratiba ya majani. Miti hupukutisha majani kiangazi kinapokolea, lakini haisubiri mvua ili ivae mapya. Wiki kadhaa kabla ya mvua za kwanza, jua likiwa kali na nyasi zimekauka kabisa, mitundu hutoa majani machanga yenye rangi nyekundu na ya shaba, kiasi kwamba mgeni anaweza kudhani mwitu mzima umechanua maua. Maji ya kufanya kazi hiyo hutoka chini sana ardhini na katika shina lenyewe, na chakula hutoka katika akiba ya wanga iliyohifadhiwa mizizini tangu masika yaliyopita. Kwa hiyo mwezi wa Septemba na Oktoba mti umetumia sehemu kubwa ya akiba yake kutengeneza majani ambayo bado hayajaanza kuulisha. Huo ndio wakati dhaifu kuliko wote katika mwaka wake, na ndio wakati ambao moto wa kijijini kwenu hupita.

La pili ni mizizi. Maganda ya miti hii hupasuka kwa nguvu na kurusha mbegu, lakini mbegu huangukia umbali mfupi tu kutoka kwa mama yake. Haisafirishwi na upepo kilomita nyingi, wala haikai ardhini miaka mingi ikisubiri nafasi. Mvua za kwanza zikija huota, na isipoota huliwa au huoza. Tena mche mchanga unahitaji kuvu wanaoishi kwenye ncha za mizizi, ambao huutafutia fosforasi na virutubisho vingine katika udongo huo maskini, nao huwapata kwa urahisi pale tu ambapo miti ya jamaa yake bado iko hai karibu. Uyoga mwingi ambao akina mama wa Tabora huuokota na kuuanika mvua zikianza ni matunda ya kuvu hao hao, na ndiyo sababu mahali palipofyekwa miti yote uyoga nao hupotea. Kwa sababu hizi msitu wa miombo haurudi kwa kutegemea mbegu kutoka mbali. Hurudi kutoka kwenye visiki, mizizi, na miche iliyokwisha kuwa ardhini kabla ya mti mkubwa kukatwa.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, tafuta mche wa mninga usiofika goti, uchimbe taratibu kando yake bila kuukata. Juu utakuta kijiti chembamba cha msimu mmoja chenye majani machache. Chini utakuta mzizi ulionenepa mara kadhaa kuliko kijiti hicho, wenye makovu shingoni ya vijiti vilivyokufa miaka iliyopita. Kila kiangazi sehemu ya juu hukauka au huungua, na kila masika mzizi hutoa nyingine huku ukiongeza akiba kidogo. Hali hiyo inaweza kuendelea kwa miaka kumi, wakati mwingine hata ishirini na zaidi, ndipo mzizi upate nguvu ya kurusha shina litakalopita kimo cha moto. Mche unaodhani ni wa mwaka jana huenda ni wa umri wa kijana aliyemaliza shule. Anayeuvuta kwa jembe la palizi ameufuta muda wote huo kwa pigo moja.

Sasa nije kwa binadamu. Ni kosa kuuona msitu wenu kama kitu kilichokuwa safi mpaka kizazi chetu kilipofika. Watu wamelima, wamewinda, wamerina asali na kuchoma mkaa katika miombo kwa muda mrefu sana. Wahunzi wa Ufipa na Unyamwezi waliyeyusha chuma kwa mkaa wa miti hii hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Kisha sotoka ya miaka ya 1890 ikaua ng'ombe wengi mno, njaa na magonjwa yakafuata, na mahali pengi mashamba yakarudi kuwa vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o wakazidi kuwafukuza watu. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa maeneo mengi ya Tabora na Kigoma na kuwakusanya katika makazi maalumu ili kupambana na malale. Sehemu kubwa ya mwitu mnene wa magharibi, ambao leo unaonekana kama haujawahi kukanyagwa, umeota juu ya mashamba na maganjo ya watu. Nalitaja hili kwa sababu ni ushahidi mkubwa unaowaunga mkono wazee wenu: miombo imewahi kulimwa, ikaachwa, ikarudi.

Lakini ilirudi katika masharti fulani. Mkulima wa zamani alikata kwa shoka, akaacha visiki na mizizi, akalima kwa jembe la mkono misimu michache, kisha akahama. Wabemba wa kaskazini mwa Zambia, katika kilimo chao cha chitemene, mara nyingi hawakuuangusha hata mti wenyewe; walipanda juu, wakapogoa matawi, wakayarundika na kuyachoma ili walime ulezi kwenye majivu, huku mashina yakibaki hai. Walipokuwa wachache na eneo likiachwa kupumzika miaka ishirini na zaidi, msitu ulipata muda wake. Kilichobadilika katika karne iliyopita si kwamba binadamu ameanza kukata, bali kwamba ameanza kung'oa, ameanza kurudi haraka, na soko la mbali limeanza kumwamulia ni mti gani ukatwe na lini.

Mkoa wenu una mfano wa wazi. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakaleta matingatinga yaliyoangusha miti na kung'oa mizizi katika maeneo mapana. Mradi ulikufa mapema mwaka 1951 baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 36, na Urambo ikageukia tumbaku. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto wa kuni ndani ya mabani, yaani vibanda vya kukaushia, usiku na mchana kwa siku kadhaa mfululizo, na kwa hiyo hula msitu mara mbili: mara ya kwanza kwa kufungua shamba, na mara ya pili kwa kuni. Kuna na mara ya tatu isiyosemwa sana. Udongo wa kichanga huchoka haraka, na minyoo midogo inayovimbisha mizizi ya tumbaku huongezeka shamba likilimwa mfululizo, kwa hiyo mkulima huona ni nafuu kufungua eneo jipya kuliko kulihudumia la zamani. Simlaumu, kwa maana anafanya hesabu ile ile ambayo mtu yeyote mwenye watoto wa kusomesha angeifanya. Hata hivyo ni lazima kusema kwamba kwa Tabora kilimo kinachohamahama cha namna hii kimeuondoa msitu moja kwa moja kuliko mkaa ulivyofanya.

Kwa hiyo katika shamba lenu la tumbaku lililoachwa, jambo la kuuliza ni moja: je, visiki viling'olewa? Kama mkulima aliviacha, akalima kuzunguka, na akawa anayakata tu machipukizi kila msimu, nusu ya kazi imekwisha kufanyika. Mizizi iko hai na miaka michache ya ulinzi itaonyesha machipukizi. Kama viling'olewa na kuchomwa, au kama shamba lililimwa kwa trekta au kwa plau ya ng'ombe miaka mingi, basi kitakachoota kwanza ni nyasi ndefu, migunga na vichaka ambavyo mbegu zake husafiri, na mitundu itarudi polepole sana kutoka pembezoni, kizazi baada ya kizazi cha miti. Msitu utakuwepo, ila hautakuwa miombo kwa muda mrefu.

Sehemu ya mkaa ni hadithi tofauti, na hapa nadhani ofisa wenu amekuwa mkali kupita kiasi. Eneo lililokatwa mara moja kwa mkaa, likaachwa na visiki vyake, miaka sita baadaye linapaswa kuwa na vichaka vya machipukizi vinavyompita mtu kimo. Uzito wa miti unaweza kurudi katika miaka ishirini hadi thelathini, ingawa mchanganyiko wa aina za miti huchukua muda mrefu zaidi kufanana na wa awali. Mahali ambapo hapatarudi mapema ni pale palipokuwa na tanuri lenyewe, maana joto la siku nyingi huua mizizi na kuubadilisha udongo ulio chini yake, na baada ya miaka bado utaona duara la udongo mwekundu au mweusi lisilo na kitu ila majani machache. Ni eneo dogo, lakini wachomaji wakijenga matanuri mapya kila wanapokata, madoa hayo huongezeka. Ni afadhali kulitumia tena lile la zamani.

Kinachoufanya mkaa uwe hatari ni soko lake. Tanuri la udongo la kawaida hurudisha mkaa wa takriban moja ya kumi hadi moja ya tano tu ya uzito wa kuni, kwa hiyo kila gunia linalopandishwa kwenye lori limebeba mti mwingi kuliko linavyoonekana. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba Tanzania ilikuwa ikitumia tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, karibu nusu yake jijini Dar es Salaam. Utafiti uliofanywa katika misitu inayolizunguka jiji hilo ulionyesha jinsi mahitaji ya mjini yanavyotembea: kati ya 1991 na 2005, mstari wa uvunaji wa mbao za thamani ulisogea mbali na jiji kwa takriban kilomita 9 kila mwaka, na mstari wa mkaa ukafuata nyuma kwa kilomita 2 hivi kila mwaka. Kwanza walipita wapasuaji wakitafuta mninga, mkongo na mpingo. Baadaye wakachukua mbao za daraja la chini. Mwisho wachoma mkaa wakachukua kilichobaki, hata miti midogo. Lubumbashi, kule Katanga nchini Kongo, imeishi hali hiyo hiyo, mkaa ukizidi kutoka mbali mwaka hadi mwaka, na juu yake ikaongezeka sumu ya kiwanda cha kuyeyusha shaba, ambacho kwa miongo mingi moshi wake uliumwagia udongo wa upande unakoelekea upepo chembe za madini hadi miombo ikafa na ardhi ikabaki uchi.

Sikonge haiko karibu na Dar es Salaam, lakini utaratibu ule ule wa kuchagua umekwisha kufika kwenu. Tembea katika hifadhi yenu uhesabu mininga yenye unene wa kupasuliwa mbao. Msitu unaweza kuonekana mzima kwenye picha ya satelaiti, majani yakiwa yamefunga vizuri, huku ukiwa umepoteza miti yake yote ya thamani na mama wote wa mbegu. Mninga huhitaji karibu karne moja kufikia unene wa mbao nzuri, na mpingo hauna haraka zaidi ya huo. Uharibifu wa namna hii hauonekani katika takwimu za ukataji, ambazo kwa Tanzania Bara zilifikia wastani wa hekta 469,000 hivi kwa mwaka kati ya 2002 na 2013, kwa sababu kitakwimu hakuna msitu uliotoweka.

Sasa moto. Mwaka 1933, karibu na Ndola nchini Zambia, wataalamu wa misitu walianza jaribio ambalo liliendelea kwa miongo kadhaa na ambalo mpaka leo ndilo somo bora tulilo nalo. Walikata miombo wakagawa eneo katika vipande: vingine vikachomwa kila mwaka mapema, mwanzoni mwa kiangazi, vingine vikachomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, vingine vikalindwa moto usiingie kabisa. Vilivyolindwa vilijaa miti mingi na kuanza kuingiwa na aina za kijani kibichi zisizopukutisha majani. Vilivyochomwa mapema vilibaki miombo. Vilivyochomwa kwa kuchelewa viligeuka polepole kuwa mbuga ya nyasi yenye miti michache sugu. Mvua ilikuwa moja, udongo mmoja na miti ya asili moja. Kilichotofautiana ni moto peke yake: kama ulipita, na ulipita mwezi gani.

Sababu yake ni ile ratiba niliyoieleza. Mwezi wa Mei au Juni nyasi bado zina unyevunyevu, moto hutambaa chini, huruka sehemu mbichi, na huzimika usiku umande ukianguka, nao mti una majani yaliyokwisha kufanya kazi yake ya mwaka. Mwezi wa Oktoba nyasi ni kavu, upepo ni mkali, ndimi za moto hupanda juu ya kichwa cha mtu, na mti umetumia sehemu kubwa ya akiba yake. Miti mikubwa yenye gome nene huvumilia. Machipukizi yaliyo chini ya mita mbili au tatu hufa mpaka ardhini, kisha huanza upya mvua zikija, kisha hufa tena. Kila mara miti michache mikubwa inapoanguka kwa uzee au kwa upepo, mwanga zaidi hufika chini, nyasi huongezeka, moto wa mwaka unaofuata hupata chakula zaidi, na machipukizi huzidi kukosa nafasi ya kupita. Mzunguko huo ukishaanza hujiendesha wenyewe hata kama hakuna mtu anayekata mti.

Ndiyo maana nimesema sehemu yenu ya tatu inanitia wasiwasi kuliko nyingine. Inaonekana nzima kwa kuwa mama wapo. Nendeni mkapime: chukueni kipande cha mita 20 kwa 20, mhesabu miti ya aina ya mtundu, muba na mninga katika makundi ya vimo, yaani iliyo chini ya goti, iliyo kati ya goti na kichwa, iliyopita kichwa lakini haijafika mita nne, na iliyo mikubwa zaidi. Rudieni katika vipande kadhaa vilivyo mbalimbali. Mkikuta mingi chini ya goti na mikubwa mingi juu, lakini katikati hakuna kitu, basi moto umekwisha kulifuta kundi zima la vijana, na miti mnayoiona itakapokufa haitakuwa na mrithi. Habari njema ni kwamba ile iliyo chini ya goti bado ina mizizi, na mizizi hiyo inachohitaji ni miaka michache tu ya kupumua.

Mwasha moto naye ana sababu zake: mfugaji anataka nyasi changa kabla ya mvua, mwindaji anataka kuona mbali, mkulima anasafisha shamba na moto unamponyoka, mrina asali anaacha kienge hakijazimwa vizuri. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kabla ya kuchoma uoto, lakini kibali cha karatasi hakijawahi kuzima moto porini. Kilichoonekana kufanya kazi mahali pengi ni kamati yenyewe kuchoma mapema, kwa makusudi, ukanda wa mpakani na vipande vilivyopishana ndani, mwishoni mwa Mei hadi Juni, ili moto wa Oktoba ukija ukute hakuna cha kula. Wakaribisheni wafugaji katika kupanga kazi hiyo, kwa sababu uchomaji wa mapema huwapa wao pia majani mabichi, na ng'ombe wakilishwa kwa kiasi hupunguza nyasi zinazoupa moto nguvu. Mbuzi wawekeni mbali na eneo la machipukizi kwa miaka ya mwanzo, maana wao hula vichwa vya vichipukizi vyenyewe. Warina asali nao wawe upande wenu. Ila yule anayetengeneza mizinga kwa kubandua gome la muba au mtundu kulizunguka shina lote anaua mti mzima kwa ajili ya mzinga mmoja, na hilo sheria ndogo za kijiji zilikataze waziwazi, mkiwasaidia kupata mizinga ya mbao.

Kwa sehemu ya mkaa, nawashauri msiifunge milele, kwa kuwa msitu usioleta chochote kijijini hukosa watetezi siku mwenye fedha anapokuja kutafuta shamba. Wilayani Kilosa vijiji kadhaa vilivuna mkaa kwa mpango ambao mnaweza kuuiga: sehemu ndogo ya msitu wa kijiji iligawanywa katika vipande vya mita 50 kwa 50, vikavunwa kwa kupishana ili kila kipande kilichokatwa kizungukwe na ambavyo havijakatwa, miti ya mbao ikaachwa, kingo za mito na miteremko mikali ikaepukwa, na kila kipande kikapangiwa miaka 24 ya kupumzika kabla ya kuguswa tena. Ushuru uliingia kwenye mfuko wa kijiji. Huko Babati, vijiji vinavyozunguka msitu wa miombo wa Duru-Haitemba viliuchukua mikononi mwao katikati ya miaka ya 1990, wakati serikali ilipokuwa ikifikiria kuufanya hifadhi yake, na walinzi wa kijiji wakaonyesha kwamba uoto unaweza kuimarika bila bunduki wala uzio. Kilwa nayo ilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu kwa misitu ya vijiji yenye mpingo. Katika kipande chenu cha miaka sita, kazi ya sasa ni kuzuia moto wa kuchelewa, kupunguza machipukizi katika kila kisiki mkibakiza mawili au matatu yenye nguvu, na kuhakikisha kwamba hakuna anayerudi kukata fito kwa kisingizio kwamba eneo limekwisha kuharibika.

Nimebakiza mikaratusi. Msiipande ndani ya hifadhi. Haina haja ya kuwa huko: sehemu ya moto na sehemu ya mkaa tayari zina mizizi hai ambayo itatoa miti ya asili bila gharama ya miche wala ya kumwagilia, na kuchimba mashimo ya kupandia ni njia nyingine ya kuikata mizizi hiyo. Mikaratusi haitawapa nyuki wenu msimu wa mitundu na miuba, haitawapa uyoga mliouzoea, na ikishakomaa inachipua kwa nguvu kiasi kwamba kuiondoa ni kazi ya miaka. Lakini ipandeni kwa wingi mahali pengine, kwenye mashamba yaliyochoka na karibu na mabani, mbali na chemchemi na mabonde yenye maji, kwa sababu kila mzigo wa kuni unaotoka shambani kwa mkulima wa tumbaku ni mzigo usiotoka katika hifadhi. Ikiwa sehemu ya tumbaku iling'olewa visiki, hapo ndipo pekee ambapo ningekubali kupanda kitu ndani ya mpaka, nacho kiwe mbegu za mtundu, muba na mninga zilizokusanywa kutoka miti ya kijiji chenyewe, zifukiwe mvua za kwanza pamoja na viganja vichache vya udongo uliochukuliwa chini ya miti mikubwa, ili kuvu wanaohitajika wafike pamoja nazo. Anzeni na ukanda ulio karibu kabisa na msitu uliosimama, kwa kuwa huko ndiko miche itakakoishi, kisha msogee ndani kila mwaka kadiri ukanda wa kwanza unavyoshika.